Skai ni plastiki au ni kitambaa? Ugomvi wa Kasumbalesa hautamalizwa na asilimia

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 11 Julai 2022, mazungumzo ya ushuru hapa Lubumbashi yamebaki kwenye swali moja: asilimia ngapi? Wenye maduka ya vifaa vya viti wanauliza kama tutaacha ngazi zetu za asilimia 5, 10 na 20 tuchukue zile za Jumuiya, yaani 0, 10, 25 na 35. Redioni wanauliza hivyohivyo, na wakubwa wanajibu kana kwamba mambo yote yamo humo. Nadhani tumeanzia mwisho. Kabla ya asilimia kuna nambari, ile ambayo kila bidhaa inapewa kwenye orodha ya ushuru, na kwa bidhaa ambayo upande mmoja ni nguo na upande wa pili ni plastiki, nambari ndiyo vita yenyewe. Skai, yaani ngozi ya bandia, ya makochi na viti vya taksi-basi, nailoni ya makoti ya mvua, vitambaa vya plastiki vya kufunika meza, bache, yaani maturubai, za malori: hizi zote zinakaa kwenye mpaka kati ya plastiki na nguo, na ugomvi wa Kasumbalesa, kituo chetu cha forodha kuelekea Zambia, unaanzia pale. Mpaka huo umeandikwa, tena kwa undani ambao wengi hawaujui. Kinachokosekana ni uamuzi wa maandishi ambao mwagizaji anaweza kuushika mkononi kabla kontena halijatoka bandarini. Tukibadilisha asilimia bila kutengeneza hilo, ugomvi utaongezeka.

Nambari zenyewe hazitungwi Kinshasa. Zinatoka kwenye mfumo wa pamoja wa kutaja na kupanga bidhaa, unaofupishwa HS, uliotiwa saini Brussels mwaka 1983 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 1988 chini ya Shirika la Forodha Duniani. Tarakimu sita za kwanza ni zilezile Lubumbashi, Ndola, Dar es Salaam na Guangzhou. Baada ya hapo kila nchi inaongeza tarakimu zake na kuweka kiwango chake. Kwetu Kanuni ya Forodha ni ya tarehe 20 Agosti 2010, na tarifa ya kuingiza bidhaa tunayoifuata ilitolewa Septemba 2012. Kwa ujumla 5 ni ya mashine na malighafi, 10 ni ya vyakula vinavyoliwa na wengi pamoja na vitu vya kulisha viwanda, na 20 ni ya bidhaa zilizokamilika. Juu ya hayo inakaa TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, inayohesabiwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na ushuru wenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni: mzigo wa dola 40,000 ukifika mpakani. Nambari ikiuweka kwenye ngazi ya 10, ushuru ni dola 4,000 na TVA ni 7,040. Nambari ikiupeleka kwenye ngazi ya 20, ushuru ni 8,000 na TVA ni 7,680. Tofauti ni dola 4,640 kwa roli zilezile, rangi ileile, kiwanda kilekile. Kwa mtu anayenunua kwa mkopo na kuuza kwa mita, hiyo ndiyo faida yote ya kontena.

Sasa tuje kwenye mpaka wenyewe. Plastiki ziko sura ya 39. Nguo ziko sura za 50 hadi 63. Vitambaa vilivyopakwa, kulowekwa, kufunikwa au kubandikwa plastiki vina mlango wao, 59.03, wenye vyumba vitatu: 5903.10 kwa PVC, 5903.20 kwa poliyurethani, 5903.90 kwa plastiki nyingine. Mtu akisoma kichwa hicho peke yake atadhani kazi imekwisha. Lakini kanuni ya kwanza kabisa ya kufasiri mfumo huu inasema kwamba majina ya sehemu na sura ni ya kuelekeza tu. Kinachoamua kisheria ni maneno ya vichwa vya nambari pamoja na noti, yaani maelezo ya kisheria, za sehemu na za sura. Na Noti ya 2 ya sura ya 59 ndiyo inayotoa watu jasho. Inakubali kitambaa kilichopakwa plastiki bila kujali uzito wake kwa mita mraba na bila kujali kama plastiki hiyo ni ngumu ya mshikamano au ina povu ndani. Halafu inaanza kutoa baadhi nje, mmoja baada ya mwingine.

Kinatolewa kwanza kitambaa ambacho plastiki yake haionekani kwa jicho tupu. Hicho kinarudi kwenye nguo za kawaida, na kubadilika kwa rangi hakuhesabiwi. Chukua kitambaa cha mwavuli au cha koti jepesi la mvua: ndani kimepakwa, maji hayapiti, lakini ukikigeuza unaona nyuzi tu na mng'ao kidogo. Mng'ao huo si ushahidi wa kutosha. Inatolewa pia bidhaa ambayo haiwezi kuzungushwa kwa mkono kwenye kitu cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 7, katika joto la kati ya nyuzi 15 na 30, bila kupasuka. Hiyo inaenda sura ya 39. Penseli ya kawaida ya mbao ina unene unaokaribia huo, kwa hiyo kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kinahitaji hali ya hewa, na hapo ndipo Katanga inapoingia kwa namna ambayo sidhani waandishi wa Brussels waliifikiria. Asubuhi ya Julai, kwenye uwanda huu wa juu wetu, joto linashuka chini ya nyuzi 10, na PVC inakakamaa. Mchana wa Oktoba linapita 30, na kila kitu kinalegea. Afisa anayekunja kipande saa moja asubuhi wakati wa kiangazi cha baridi, kikapasuka, hajathibitisha kitu chochote mbele ya sheria. Angengoja saa tano.

Halafu linakuja lile linalozigusa bache. Kitambaa kilichozama kabisa ndani ya plastiki, au kilichofunikwa chote pande zote mbili kwa plastiki inayoonekana kwa jicho, kinahama kwenda sura ya 39. Bache nzito ya lori, ile ya PVC juu na chini na nyuzi za poliesta katikati, mbele ya tarifa ni plastiki, hata kama moyo wake ni uzi. Ikiwa bado ni roli inaangukia 3921.90, ikishakatwa, kupindwa na kuwekewa matundu ya chuma inaelekea 3926.90. Turubai iliyopakwa upande mmoja tu inabaki nguo, na ikishashonwa kuwa bache inaenda 63.06. Ukiziweka kwenye soko la Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, mama muuzaji ataziita zote bache na kuzipanga kwa ukubwa.

Skai ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Nimewahi kusimama katika duka moja la Kamalondo nikigeuza roli tatu za rangi ya kahawia ambazo kwa mbele huwezi kuzitofautisha: chapa ya ngozi ileile, mng'ao uleule, bei inayokaribiana. Nyuma zilikuwa vitu vitatu. Ya kwanza ilikuwa na tricot, kitambaa cha kufumwa kama cha fulana, laini ya rangi moja, nyembamba, isiyo na manyoya. Ya pili ilikuwa na kitambaa kilichochanwa mpaka kikatoa manyoya, kama ndani ya shati la baridi. Ya tatu haikuwa imefumwa kabisa. Ilikuwa nyuzi zilizobanwa pamoja, ile aina ya maski za hospitali. Muuzaji alikata ncha kwa wembe kwa mshazari, na katikati ya mbili za kwanza vikaonekana vitundu vidogo vya povu. Hapo sheria inatoa majibu tofauti kwa macho yaleyale. Noti ya 2 inasema kwamba bamba au shiti la plastiki yenye povu, likiunganishwa na kitambaa ambacho kazi yake ni kuimarisha tu, ni la sura ya 39. Na Maelezo ya Ufafanuzi ya Shirika la Forodha Duniani yanatoa kipimo: kitambaa kisicho na mapambo, kisichosafishwa rangi au kilichosafishwa au cha rangi moja, kikibandikwa upande mmoja tu, kinahesabiwa kuwa ni cha kuimarisha. Kilichochapwa maua, kilichofanyiwa kazi zaidi kama kuchanwa manyoya, au cha aina ya mahameli na lesi, kinahesabiwa kuwa na kazi nyingine. Kwa hiyo roli ya kwanza, yenye povu la PVC na mgongo wa tricot tupu, ni 3921.12. Ya pili, kwa sababu ya manyoya ya mgongoni ambayo mwenye kochi hatayaona maisha yake yote, ni 5903.10. Ya tatu ina mlango mwingine kabisa: nyuzi zilizobanwa bila kufumwa zina kichwa chao, 56.03, hata zikipakwa plastiki upande mmoja. Ingekuwapo ya nne, PVC ya mshikamano isiyo na povu juu ya kitambaa kilichofumwa, ingerudi 59.03.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kuna dhana mbili zinazotembea mjini, na zote zinakufa mbele ya roli hizo. Ya kwanza ni kwamba afisa anaibuni nambari kichwani. Ya pili ni kwamba mwagizaji anayebishana ni mwizi. Kwa roli hizo tatu, watu wawili waaminifu, wenye kitabu kilekile mezani, wanaweza kutofautiana mchana kutwa, na wa kwanza kugeuza roli ndiye atakayeshinda.

Upande wa forodha una hoja nzito, na wafanyabiashara wenzangu wa mezani hawapendi kuisikia. Sehemu kubwa ya mizigo inayoshuka Lubumbashi kwa wauzaji wa kati ni ya kuchangia: kontena moja, wenye mali kumi, na tamko linalosema tu vitu mbalimbali. Roli mia mbili za aina tofauti zimebanwa nyuma ya magodoro na vyombo vya jikoni. Hakuna afisa atakayegeuza kila moja. Fakture, yaani ankara ya muuzaji, imeandikwa kwa neno la jumla, pengine kwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha, na transiteri, wakala wa forodha, ameileta nambari aliyoikuta kwenye karatasi ya usafirishaji. Afisa asipokuwa na haki ya kutilia shaka na kubadilisha, kila mtu ataandika nambari nyepesi kuliko zote. Haki hiyo haiondolewi mahali popote duniani, na haifai kuondolewa hapa. Tena mamlaka zetu za mapato zinafanya kazi zikiwa na malengo ya makusanyo, na mwenye lengo la kufikia haegemei upande wa mlipaji. Mimi si mtetezi wa hali hiyo, lakini asiyeiona hataelewa kwa nini shaka ndogo inalipishwa kama shaka kubwa.

Kuna hoja ya forodha, hata hivyo, ambayo haisimami. Inasema kwamba panapokuwa na shaka, mzigo uende kwenye kiwango cha juu. Kanuni za kufasiri hazijui jambo hilo. Zinajua mpangilio: kwanza vichwa na noti, kisha, bidhaa ikionekana kufaa vichwa viwili, kile kinachoitaja kwa umahsusi zaidi, kisha kile kinachobeba sifa yake ya msingi, na mwisho kabisa, yote yakishindwa, kile kinachokuja cha mwisho kwa mpangilio wa tarakimu. Cha mwisho kwa tarakimu. Kati ya 39.21 na 59.03, cha mwisho ni 59.03, iwe kina ushuru mkubwa au mdogo. Na mara nyingi hatufiki huko, kwa maana Noti ya 2 imeshaamua. Kiwango hakiingii kwenye hesabu ya kuainisha. Kinakuja baada yake.

Kwa upande wa waagizaji, hoja yenye uzito ni ya kutabirika. Mtu ameleta skai ileile kutoka kiwanda kilekile kwa nambari fulani, ikapita. Safari inayofuata anaambiwa ni nambari nyingine, anadaiwa tofauti pamoja na faini, huku kontena likilipiwa maegesho kila siku. Hata kama nambari ya pili ndiyo sahihi, gharama ya kutoijua mapema inamwangukia yeye peke yake. Ameshaweka bei, ameshachukua oda za mafundi wa viti wa Katuba, na pengine ameshakopa. Makampuni ya madini hayaumii hivyo, kwa kuwa Kanuni ya Madini inayapa utaratibu wao wa ushuru nafuu kwa vitu vilivyo kwenye orodha zao, na yana wanasheria. Hata yale magunia makubwa yanayobebea hidroksidi ya kobalti yana nambari yao maalumu, 6305.32. Anayeumia ni yule wa kontena la kuchangia.

Lakini waagizaji nao wana hoja dhaifu, na ndiyo wanayoipenda kuliko zote. «Hii haiko kitambaa, iko plastiki. Mimina maji uone.» Maji hayamo kwenye Noti. Kitambaa kinaweza kuzuia maji na kikabaki nguo, na plastiki inayovuja haiwi nguo kwa kuvuja. Wengine wanaleta hesabu ya uzito: PVC ni zaidi ya asilimia 70 ya uzito wote, kwa hiyo ni plastiki. Asilimia hiyo ipo, ila ni ya Marekani. Tarifa yao inagawanya 5903.10 kwa kuangalia kama plastiki au mpira umepita asilimia 70 ya uzito. Mgawanyo huo unakuja baada ya tarakimu sita, yaani unaanza pale ambapo mali imeshakubaliwa kuwa ni kitambaa. Anayeuleta Kasumbalesa kuthibitisha kwamba mali yake si kitambaa analeta ushahidi dhidi yake mwenyewe. Na wale wanaosema «fakture ya China imeandika hivi» wasahau. Muuzaji wa China anachagua nambari kwa mambo ya kwao, likiwemo lile la kurudishiwa TVA ya kuuza nje, ambayo kiwango chake kinatofautiana kwa nambari. Hana sababu ya kufikiria kiwango cha Kongo.

Ipo pia rai ya kukata fundo: weka kiwango kimoja kwa 39.21, 56.03 na 59.03, na hakuna atakayejali mgongo wa skai. Naiheshimu rai hii. Ingetoa kishawishi kwa pande zote mbili, na ningeiunga mkono kama Kongo ingekuwa inajipangia peke yake. Shida yake ni mbili. Nambari haitumiki kwa ushuru tu. Inaamua pia uasilia wa bidhaa katika biashara ya COMESA, SADC na eneo huru la biashara la Afrika, ambako kanuni nyingi zinauliza kama bidhaa imehama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine ilipotengenezwa. Na inaamua sheria nyingine zitakazokufuata. Decreti namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kuingiza mifuko, filamu na vifungashio vingine vya plastiki. Mtu aliyepigana mpaka roli yake nyembamba ikaitwa shiti la plastiki anaweza kujikuta akimweleza afisa mwingine kwamba shiti hilo si kifungashio. Ameokoa ushuru, amenunua swali jipya. Shida ya pili ndiyo inayonirudisha kwenye Jumuiya: ukishaingia kwenye ushuru wa pamoja wa nje, hupangi tena kiwango peke yako.

Tuangalie ngazi hizo nne. Ya 35 ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2022, siku chache kabla ya sisi kuingia rasmi, na orodha iliyotangazwa ya makundi yake ilitaja pamba na bidhaa za nguo kwa jina, pamoja na samani, bidhaa za ngozi, chuma na vingine. Plastiki hazikutajwa kama kundi. Si kila mstari wa sura ya 59 umo kwenye 35, na anayetaka kujua lazima asome mstari wake. Lakini angalia umbo la jambo lenyewe. Katika tarifa yetu ya sasa, kuruka ngazi moja juu ni kuongeza pointi 5 au 10. Katika tarifa ya Jumuiya, kutoka 10 kwenda 25 ni pointi 15, na kutoka 10 kwenda 35 ni pointi 25. Jumuiya inalinda viwanda vya nguo, na mpaka wa nguo dhidi ya kila kitu kingine unakuwa ukuta mrefu kuliko tulio nao. Rudi kwenye ule mzigo wa kubuni wa dola 40,000: tofauti ya pointi 25, pamoja na TVA yetu juu yake, ni dola 11,600. Kwa pesa hiyo watu watagombania mgongo wa skai kwa nguvu ambayo Kasumbalesa haijawahi kuiona. Wanaodhani kwamba ushuru mmoja wa kanda utaleta utulivu mpakani wanachanganya viwango na nambari. Viwango vitakuwa vimoja kutoka Mombasa hadi hapa. Kugeuza roli kutabaki kazi ya mtu mmoja, kwenye jua au kwenye baridi, na mwenzake wa mpaka mwingine anaweza kuigeuza kwa namna yake.

Kwa hiyo pa kuanzia ni uamuzi wa mapema. Mkataba wa kurahisisha biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kufanya kazi tarehe 22 Februari 2017, unauweka katika kifungu cha 3: mwagizaji anaomba kwa maandishi, anaeleza bidhaa, anapewa jibu la maandishi juu ya nambari kabla ya kuileta, na jibu hilo linaifunga forodha kwa muda unaofaa. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, nayo ina nafasi ya uamuzi wa namna hiyo. Umoja wa Ulaya unatoa wa miaka 3 na kuziweka nambari zilizoamuliwa wazi kwenye intaneti, na Marekani nayo inayaweka maamuzi yake wazi kwenye intaneti. Transiteri wa Lubumbashi mwenye simu na subira anaweza leo kusoma jinsi skai ya mgongo wa manyoya ilivyoamuliwa Hamburg au New York. Maamuzi hayo hayaifungi DGDA, mamlaka yetu ya forodha, hata kidogo. Yanatoa namna ya kufikiri juu ya tarakimu sita zilezile, na hiyo ni zaidi ya alichonacho sasa. Ninajua watakaosema kwamba uamuzi wa mapema ni kwa nchi zenye maabara. Kwa mali hii maabara inahitajika mara chache. Noti ya 2 inataka jicho lisilo na lenzi, mkono, kitu cha milimita 7 na kipimajoto. Kujua kama povu ni la PVC au la poliyurethani kunahitaji zaidi kidogo, lakini hilo ni swali la chumba ndani ya sura. Swali la sura linajibiwa mezani.

Jambo moja linaweza kufanyika bila kungoja mkataba wowote: sampuli. Kipande cha kiganja kimoja, kilichokatwa mbele ya mwenye mali, kikabandikwa kwenye uamuzi na kugongwa muhuri pande zote mbili, mbele na mgongo, nakala moja kwa mwagizaji na moja mpakani. Mzigo ujao ukija, afisa analinganisha mgongo na mgongo. Kama kiwanda kimebadilisha tricot kikaweka manyoya, tofauti inaonekana palepale, na mwagizaji hawezi kusema alipewa ruhusa. Kwa wale wa kontena la kuchangia ndiyo njia pekee ninayoiona ya kuwatoa kwenye jina la vitu mbalimbali: kila mwenye mali na kipande chake, kila kipande na nambari yake. Maelezo ya Ufafanuzi, kwa bahati mbaya, yanauzwa, wakati nambari na noti zinasomwa bure. Chama cha wafanyabiashara kinachokusanya michango kwa ajili ya sherehe za mwisho wa mwaka kingeweza kununua nakala moja na kuiweka mahali transiteri wanapokaa.

Na wakati hautungojei. Mfumo wenyewe unarekebishwa kila miaka kadhaa. Toleo la 2022 liliongeza noti mpya katika sura ya 59 inayoeleza vitambaa vilivyobandikwa plastiki: tabaka za kitambaa na filamu zilizounganishwa kwa njia yoyote, iwe filamu inaonekana kwa jicho ukikata mkato au haionekani. Kabla ya hapo, koti la tabaka tatu lenye filamu iliyojificha katikati liliwasumbua watu kwa sababu ya kanuni ya jicho tupu. Anayetumia noti za zamani atalipeleka koti hilo pabaya. Toleo linalofuata linaanza tarehe 1 Januari 2028, na kuhamisha tarifa kunaweza kuangukia wakati mmoja na mazungumzo yetu ya ushuru wa Jumuiya. Uamuzi wowote utakaotolewa kuanzia sasa, hata ule wa sampuli na muhuri, uandike noti iliyotumika na sababu yake, usiishie kwenye tarakimu: mgongo wa tricot tupu, povu la PVC, upande mmoja. Tarakimu zikibadilika Januari hiyo, mwenye karatasi yenye sababu ataweza kuihamisha mali yake mwenyewe kwenye toleo jipya, na afisa wa Kasumbalesa ataweza kumfuata hatua kwa hatua.